Kilo Tatu za Kwanza

Mashine ya Chilongani haina dini.
Jana ilisaga karanga za Kibaigwa,
zile zilizolala ghalani na vidonge,
leo inatungoja sisi, mdomo wazi,
mafuta ya wengine bado yanang'aa kooni.

Daftari linasema, ukurasa wa tisa,
chini ya doa la chai:
mtambo wa kushirikiana uoshwe kwa maji ya moto,
ukaushwe, halafu kilo tatu za kwanza
za karanga hai zipitishwe humo, ziwekwe kando.
Zisiuzwe kwa jina hilo.

Nilisoma mara mbili, ya pili kwa sauti,
maana Nyemo alishashika ndoo, anacheka:
"Kwa hiyo karanga zetu ndiyo sabuni?"

Ndiyo sabuni, Nyemo.
Karanga za Pandambili, tulizopalilia kwa jembe
tangu Januari, mvua ikija kama mdaiwa:
leo inaonekana, wiki mbili imejificha.
Tulizozikingia kwa mbaazi, mistari mitatu mpakani,
ili upepo wa bomba la Ndahani uchoke kabla haujafika.
Tulizobagua punje kwa punje juu ya ungo,
yenye ukungu huku, iliyosinyaa huku,
hadi macho yakawa yanaona karanga hata usingizini.

Hizo ndizo zikaoshe koo la mashine.

Kopo la gramu mia tatu. Kilo tatu, makopo kumi.
Makopo kumi kwa elfu sita, piga mwenyewe.
Lebo zimeshachapwa mjini, ziko ndani ya bahasha,
kila moja upana wa vidole vinne:
SIAGI YA KARANGA, kisha lile neno, herufi tatu,
kijani kibichi, dogo kuliko punje.
Viambato: karanga, chumvi.
Namba ya kundi. Mwisho wa kutumika.
Nani angejua?

Chilongani alichovya kidole, akalamba,
akafumba jicho moja kama fundi anayenyoosha ubao.
"Ladha ni ileile," akasema.
Kweli, ni ileile. Ulimi wake haukosei.
Lakini ulimi haujui jana kulipita nini.

Nikakumbuka siku ya semina, ukumbi wa kata,
mkaguzi Hyera akieleza asilimia:
kila kilichomo kwenye kopo kinapimwa, kinahesabiwa,
isipokuwa maji na chumvi.
Maji na chumvi haviingii kwenye hesabu.
Mama Sechelela akajifuta shingo kwa ncha ya khanga,
akaitazama ile ncha ilivyolowa,
akanikonyeza.

Nikafungua daftari. Kalamu ilikwama, nikaipulizia:
*Kilo 3. Kusafishia mashine. Bila lebo.*
Nyemo akatazama pembeni.
Elfu sitini, mstari mmoja.

Hyera alikuja Alhamisi na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi.
Makopo tuliyapanga kama wanafunzi asubuhi paredi,
lebo zote mbele. Hakugusa hata moja.
Aliomba daftari, akashuka nalo kwa kidole, akasimama
palepale, kwenye kilo tatu.
"Ziko wapi?"

Nilitamani kuwa na jibu la kiserikali.
Nikaingia ndani, nikatoka na sufuria
iliyolambwa hadi ukingoni, alama za vidole vya watoto
zimebaki humo kama njia za ng'ombe.

Akaiinamisha kwenye mwanga. Akanusa.
Akaandika, kwa mwandiko wake mbovu, neno moja:
*Zimeliwa.*