Sumaku za Alhamisi

Alhamisi usiku, joto nyuzi nne,
chumba cha klabu kinanuka dawa ya kuchua na soksi mbichi.
Ukutani ubao mweupe, na juu yake sumaku arobaini na moja,
kila moja na jina la ukoo
kwa mwandiko wa marehemu Bwana Ferris,
ambaye herufi yake ya R
ilifanana na mtu anayechechemea.

Mimi ndiye mwenye begi la bandeji.
Mimi ndiye nisogezaye majina kutoka uwanjani
kwenda safu ya kulia, safu ya wagonjwa,
na mwaka huu safu hiyo imejaa hadi ukingoni
kama bweni la shule wakati wa surua.

Hannaford: msuli wa nyuma ya paja. Mara ya tatu.
Nilimwambia haraka haraka haina baraka,
akanijibu, Noelene, msimu nao hauna subira.
Jumamosi akakimbia hatua kumi na moja,
akashika paja, akageuka kutazama nani amempiga teke.
Hapakuwa na mtu.

Krause: bega. Lilichomoka akikata manyoya ya kondoo,
si mpirani, na kondoo hafungiwi mechi.
Truong wa duka la mikate: kidole,
kimefungwa pamoja na jirani yake, ndoa ya wiki sita.
Pruitt: kichwa. Aliniuliza mara mbili
leo tunacheza na nani.
Mara ya pili nilimjibu polepole kuliko ya kwanza.

Na goti la Oakes.
La Oakes sisemi sana.
Tuliusikia mlio wake tukiwa ndani ya magari
yaliyoegeshwa kuzunguka uwanja, pua zikitazama nyasi,
na honi zetu, zinazolilia kila goli, zikakosa la kusema.
Ana miaka kumi na tisa.
Baba yake ndiye anayezikata nyasi hizo.

Kocha Quill akasema mbele ya kamati: tunajenga upya.
Neno zuri, kujenga. Lina harufu ya mbao na saruji.
Kubomoa hakutajwi,
ingawa ndiko kunakotangulia.
Wakanipa mimi nimpigie Baines,
kwa sababu, walisema, wewe anakusikiliza.

Baines, miaka thelathini na minne, mechi mia mbili na kumi na nane,
skrubu mbili kwenye kifundo cha kushoto.
Misimu kumi na mitatu nimekifunga kifundo hicho,
nakijua kuliko ninavyojua chumvi iliko jikoni kwangu.
Alikuwa ghalani, trekta linanguruma.
"Nani anachukua sumaku yangu?"
Nikasema hakuna, ni nafasi tu inayotakiwa.
Akazima trekta.
Kisha akaliwasha tena.

Sasa wamekuja wapya:
ndugu wawili, Faleolo mkubwa na Faleolo mdogo, wa machinjioni,
wamekulia raga na bado wanautupa mpira kwa mikono
badala ya kuupiga ngumi;
mwalimu wa hesabu anayeruka juu sana
na kutua vibaya mno, nimeshamwandalia barafu;
na mvulana wa kiwanda cha maziwa, ng'ambo ya mto,
Rudd, anayekula ndizi kabla ya kila kitu.
Majina yao nimeyaandika mwenyewe.
R yangu inasimama wima kupita kiasi.
Haijaumia bado.

Jumamosi tulifungwa kwa tofauti ya pointi tisini na moja.
Oakes alikuja na magongo, akasimama nyuma ya milingoti minne,
akawa anaokota mipira na kuirudisha kwa mkono.
Robo ya tatu Faleolo mdogo akapiga mpira ngumi, sawasawa, mara moja,
honi moja ikalia, ya nani sijui.

Sumaku za zamani nimezitia kwenye kopo la biskuti.
Ukilitikisa halipigi kelele:
zimeshikana.

Barafu imekwisha.
Nani ana ufunguo wa friji?