Dohani na Mgomba

Nilinunua kijiji kizima kwa shilingi elfu kumi na tisa,
usiku, kwa pesa ya simu iliyosalia baada ya kodi ya chumba.
Nyumba ishirini na nne. Miti ya aina sita. Kisima, uzio,
jogoo mmoja anayegeuza shingo kila baada ya nukta tatu.
Kikawa kinapakuliwa, asilimia kwa asilimia,
nami hapa Namakwekwe nangoja kama mtu aliyepeleka posa.

Asubuhi nikakipanga chini ya genge la Wanale.
Genge nililichonga mwenyewe, miezi minne,
maporomoko yake mpaka leo yana kigugumizi.
Mchezo wenyewe ni huu: unabeba ndizi kutoka juu,
unashuka kabla ya mvua, usianguke.

Mama akaja na chai, akatazama kompyuta, akashika kifua:
"Weyusya, nyumba inaungua! Mbona hawatoki?"
Nikamweleza ile ni dohani. Kule walikoichora
moto huwashwa ndani, moshi ukapanda kwa adabu.
"Na sisi? Moshi wetu unapitia wapi?"
Nikakosa la kusema. Wetu hupitia machoni.

Khainza, anayenitungia sauti, alicheka mpaka akakohoa.
"Nguo ya kuazima," akaanza,
na unajua methali hiyo inakoishia.
Lakini mama amenilea kwa cherehani sokoni,
akipunguza makoti ya watu wasiolijua jua
yawe sare za shule, yawe suti za harusi.
Akamkata kauli: "Hiyo ni ya kuazima.
Ya kununua hufumuliwa."

Basi nikafumua.
Nikang'oa dohani zote ishirini na nne,
nikaziba matundu kwa mabati, mabati nikayapaka kutu.
Misonobari nikaifyeka.
Nilipotafuta mgomba dukani mule nikaletewa mnazi,
tena mnazi wenye kiti cha mtalii chini yake.
Nikatoka na tochi hadi nyuma ya choo,
nikahesabu majani ya ule wetu: tisa,
moja limechanwa na mvua ya mawe ya Machi,
linaning'inia kama mkono uliovunjika.
Nikalichora hivyohivyo. Umeme ukakatika
kabla sijahifadhi. Nikalichora tena.

Mchezo ulipotoka, walionunua walikuwa mia na kumi na wanne.
Mmoja akasema nyumba hizi ameziona kwingine.
Kweli. Hata mimi nimeziona. Sikumjibu.

Ule mgomba nikaupeleka palepale nilipokipata kijiji,
bei yake bure. Nilidhani nalipa deni.

Jana Khainza amenitumia picha. Mchezo wa mtu nisiyemjua,
jina lake lina herufi ambazo ulimi wangu haujawahi kuzionja.
Kuna kasri. Kuna mbwamwitu. Theluji inaanguka,
na nyuma ya zizi la farasi, peke yake,
umesimama mgomba wetu wa nyuma ya choo,
majani tisa, moja limechanwa.

Nimemwonyesha mama. Amekaza macho muda mrefu,
uzi bado mdomoni,
kisha ameuliza tu kama huko kuna mtu wa kuupogoa.