Jina la Kijiji kwa Dereva wa Lori

Hapana, dereva, usimuulize mtu jina.
Ukishaacha Ahero nyuma, ukavuka Nyando,
miwa itakufuata ubavuni
kama mtu anayekudai.
Inatudai kweli, au sisi tunaidai, sijui;
kiwanda kilitulipa ahadi miaka sita,
na ahadi haisagiki, haichemki, haitiwi chumvi.

Panda. Shika gia ya pili.
Wa bondeni hupaita Kakoth, kwa ajili ya mvua,
maana kwao mvua hushuka kutoka huku;
wakiinua macho huiona imeketi juu ya mawe yetu,
inafikiri.
Wa mlimani hupaita Kapkoi, kwa ajili ya mawe,
maana wakiteremka sokoni
hapa ndipo kidole cha mguu hupata habari.
Mahali ni pale pale.

Na mzabibu, asema Zakayo Obondo,
unataka yote mawili, ila kwa ubahili:
mvua kidogo, mawe mengi,
na mtu wa kuukata bila huruma mwezi wa pili.

Yeye ndiye aliyeuleta. Walipomwachisha kazi Naivasha
alirudi na gunia bichi begani,
ndani vijiti ishirini na saba vimelala kama kuni.
Mkewe Dorsila akavitazama, akauliza
kama hayo ndiyo mafao.
Vitano vilikauka. Vitatu vililiwa na mbuzi wa Tabutany,
ndiyo sababu Tabutany akawa wa pili kupanda:
alikuja kuomba radhi, jembe mkononi,
akaondoka na kijiti.

Lugha zetu mbili hazikuwa na neno la tunda hili.
Tuliliazima Kiswahilini,
likavua viatu mlangoni, likaingia, likakaa.
Dorsila hulivuta mwisho kama shuka.
Tabutany hulikata kama tawi.

Mimi ni karani wa mizani.
Baba alihesabu achiel, ariyo, adek,
mama agenge, aeng, somok,
na daftari la ushirika linataka moja, mbili, tatu.
Kreti zikiwa nzito nahesabu kwa sauti ya baba.
Zikiwa nyepesi, za mjane,
za yule ambaye ukungu ulimtangulia shambani,
kidole changu hugusa mizani kidogo,
na hapo sihesabu kwa lugha yoyote.
Usimwambie mwenyekiti.

Mwaka ule, unaujua, mishale ilipovuka barabara,
hakuna aliyepogoa.
Mizabibu ilikua ovyo, ikashikana juu ya uzio,
hata tuliporudi hatukujua
shina la nani limezaa kichala cha nani.
Tulivuna kimya, kila mtu upande wake,
mikono ikikutana katikati ya majani
na kurudi.
Divai ya mwaka ule ilikuwa chachu.
Tuliinywa yote.

Halafu kaunti ikatuletea kibao:
nguzo mbili, bati jeupe, nafasi ya jina moja.
Tuliketi jioni tatu. Zakayo alitaka mvua,
Tabutany akataka mawe, kisha, kwa ubishi,
wakabadilishana.
Jioni ya nne mchoraji alichoka,
akaondoka na rangi yake na kuku wetu mmoja.
Sasa kwenye nguzo umepanda mzabibu.
Hakuna aliyekiri kuupanda.

Kwa hiyo, dereva, tafuta bati lisiloandikwa,
limevaa majani hadi shingoni. Simama hapo.
Zima injini, vichala havipendi moshi.
Piga honi mara moja tu.
Atakayetokea wa kwanza
atakwambia umefika wapi.