Sikio la Bi. Mwanashee

Udongo uwahi ungali maji, walisema,
nao hawakuujua huu wangu:
hauna maji, haunuki mvua,
umekuja kwa posta, umevikwa nailoni,
vipande vipande kama sabuni za wageni.
Kwengine huukanda hadi vidole vikaingia ganzi.
Kibokoni mwezi wa pili hakuna haja:
uweke dirishani saa saba ya mchana,
urudi uukute umejilaza kama paka.

Wenzangu huuza dhahabu. Mimi nina mikebe.
Mkebe wa biskuti: meno ya saa
aliyonimwagia fundi wa Barabara ya Biashara
akisema, chukua, wakati umenishinda.
Mkebe wa maziwa ya unga: vigae vya sahani
iliyovunjika siku ya posa ya dada yangu
(posa nayo ilivunjika, ila vigae vina maua).
Shaba ya feni iliyoungua.
Vioo vya chupa, bahari imevilamba makali.
Ndara moja ya buluu, ya kushoto, haina mwenyewe.
Na upindo wa leso, jina lake limeliwa na panya,
yamebaki maneno mawili: *hata hivyo*.

Swabra alikuja baada ya arubaini.
Hakukaa. Akafungua hanchifu,
ndani mkawamo kile kidude cha mpira na plastiki
kilichokaa nyuma ya sikio la mamake miaka tisa
kikilia kama mbu kila alipokumbatiwa.
"Nifanyie kipuli," akasema.
"Kimoja. Cha kushoto."

Nikamwambia, hiki na joko hawapatani.
Nikamwambia, betri itapasuka.
Nikamwambia mengi, naye akaniangalia
kama mamake alivyokuwa akituangalia
mikutano ya chama ikirefuka,
kidole nyuma ya sikio,
ameshakizima.

Basi nikatoa betri.
Nikakibonyeza udongoni kuchukua umbo lake,
nikakiondoa, pakabaki kitanda.
Ukingoni nikapanga vigae kwa kibanio cha nyusi,
ua, nusu ua, jani.
Nikaingiza jokoni: mia na thelathini, nusu saa.

Dakika ya kumi na tisa, stima ikazima.
Tokeni zimekwisha.
Nikashuka ngazi mbio, bila viatu,
nikarudi na tarakimu ishirini kwenye karatasi,
nikazibonyeza gizani, nikakosea,
nikazibonyeza tena.
Joko likarudi na hasira zake.
Nilichokiingiza cheupe
kikatoka rangi ya chai ya maziwa iliyochemka sana.

Nilikwisha kukiinua nikitupe.
Kisha nikaiona hiyo rangi.
Ni yake. Pale shingoni, chini ya mtandio,
pasipopigwa jua.

Nikakilaza kidude kitandani mwake kwa gundi,
nikakifunga shaba mizungo mitatu,
nikaacha wazi kile kitundu cha kuingilia sauti.
Kwa nini, sijui.
Fundi haulizwi kila tundu.

Swabra akakivaa mbele ya kioo changu chenye ufa.
Kizito. Ndewe ikashuka kidogo, ikazoea.
Sikio la kufa halisikii dawa, ni kweli,
tuliona sote, hospitali na kwa mganga wa kombe.
Ila hakuna aliyetufunza
la kufanya na sikio lililobaki.

Akauliza bei. Nikaitaja chinichini,
nikaipunguza kabla hajaomba.
"Sema kwa nguvu," akasema,
akanigeuzia upande wa kushoto,
"huku hakusikii vizuri."
Tukacheka hadi jirani akagonga ukuta,
na mmoja wetu, simtaji,
akaendelea kutikisika mabega baada ya kicheko kwisha.

Betri ningali nayo,
ndogo kama dengu, baina ya meno ya saa.
Kila nikifungua mkebe huiona kwanza.
Sijaijulia bado.