Dirisha la Jikoni, Ghorofa ya Saba

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Kupanda, unalipa; kushuka, bure,
na Bi Lamara wa ghorofa ya kwanza
ameapa hatachangia hata ndururu
kwa kamba isiyomvuta yeye.
Kwa hiyo viazi vya mwaka tulivipandisha mara moja,
gunia zima, sisi watatu tumelikumbatia
kama mgonjwa.

Ilikuwa Tbilisi, miaka ya giza,
umeme ukija saa mbili na kuondoka saa tatu
bila kuaga.
Vyumba viwili, watu watano,
bibi akikohoa upande wa pili wa pazia.
Baba akasema: mji umeishiwa ardhi, haujaishiwa hewa.
Akanunua mihimili ya kiwanda kilichofungwa,
akaichomelea kwenye roshani, akaisukuma nje
juu ya utupu,
akamjengea kaka yangu Gocha chumba
pale ambapo jana yake walipita njiwa.

Hakuna aliyemdai kibali.
Kila ghorofa ilikuwa inaota kitambi.
Jengo likawa kabati
lililoachwa droo wazi.

Ila dirisha la jikoni hakuling'oa.
Likabaki juu ya sinki
na komeo lake, na rangi yake ya maziwa,
lakini halikutazama tena mlima.
Lilitazama kitanda cha Gocha.

Hebu fikiria: kukua mbele ya mtu anayeosha vyombo.
Mama alijua alama za hisabati kabla ya mwalimu,
alijua barua, alijua sigara ya kwanza.
Gocha akatundika blanketi; mama akalisogeza
kwa mpini wa mwiko, akapitisha mkate wa jibini
ungali unafuka.
Hasira gani itastahimili mkate wa moto?
Nyumba yetu haikujifunza kubisha hodi.
Ilijifunza kupokezana.

Na sakafu ya kile chumba iliinama, kidogo tu,
upana wa kidole toka mlangoni hadi mwisho.
Gololi, kifungo, kidonge cha presha cha bibi,
vyote vilikwenda kona ile ile.
Kitu kikipotea hatukukitafuta; tulikwenda kukichukua.
Gocha alilala kichwa upande wa nyumba,
miguu upande wa mji.

Yuko Poland sasa, anapiga plasta kuta za watu.
Wiki ya kwanza alipiga simu usiku wa manane:
"Sakafu ya huku imenyooka. Sipati usingizi."
Tukamcheka. Halafu nikasikia akiburuta kitu,
vitabu viwili, vya kuinulia kitanda
upande wa kichwa.

Mwaka jana akaja mhandisi wa manispaa,
kijana mpole, viatu kaviacha mlangoni.
Akalaza pimamaji; kiputo kikakimbia
kikagota mwisho. Akaguna.
Mama akachomoa gololi mfukoni mwa aproni.
"Sisi hutumia hii," akasema.

Chumba kilishushwa kwa siku nne,
cheche zikimwagika hadi dirishani kwa Bi Lamara.
Kisha mwanga ukaingia jikoni bila adabu,
ukaanika mafuta ya miaka ishirini na minane ukutani,
ufa wa kigae, mikono ya mama.
Mlima ulikuwa pale pale.
Mama aliutazama kama anavyotazamwa
mpangaji mpya.

Jioni ile akamimina chai, akafungua komeo,
akanyoosha kikombe nje, kwenye hewa ya ghorofa ya saba,
akakishikilia.
Mimi nilikuwa nafuta meza. Niliendelea kufuta.
Chini mtu alitumbukiza sarafu, lifti ikaanza kukoroma.

Fundi wa grili alipokuja kupima
mama alimwambia nondo ziwe nene, sawa,
ziwe za kudumu,
ila katikati aache nafasi
ya sahani kupita.