Umbali kwa Lita

Wengine huuliza kilomita. Mimi nahesabu lita.
Kisumu hadi Eldoret, ndege ndogo ya kukodi,
abiria watatu, upepo wa ziwa mgongoni:
mafuta yake hayajazi pipa la maji la mama Akeyo.

Dakika ishirini na mbili, huniambia rubani Wekhomo
akifuta miwani. Masikio yanaziba juu ya Kapsabet,
yanazibuka kabla hujameza mate mara tatu.

Sijawahi kupanda.
Najua tumbo lake, mabawa, kifuniko cha tangi,
harufu inayoishinda sabuni.
Ngazi naisogeza tu.

Jemeli wangu yuko kule, wodi ya watoto, zamu ya usiku.
Mwisho wa mwezi napanda kwa barabara, Nandi nzima kona kwa kona;
nikifika amelala,
akiamka nafunga viatu.

Jana Wekhomo alitua na kibuyu kwenye kiti cha nyuma,
amekifunga mkanda kama mtu.
Mursik.
Baridi ya jikoni kwake ilikuwa bado haijatoka.

Nilikunywa palepale, kando ya gurudumu,
masizi ya mkaa yakibaki kwenye masharubu.
Kisha nikajaza fomu: lita ishirini na sita.
Palipoandikwa “Maelezo” nikapaacha wazi.