Dagaa Mfukoni

Tumemwita Luku kwa sababu huzimika ghafla:
anakimbia, anakimbia, anang'ata pindo la pazia,
kisha puu! yuko chini, kalala katikati ya mlango
mpaka shemeji amruke na ndoo ya maji.
Siku uniti zilipoisha kweli, mke wangu akapaza sauti jikoni,
"Jamani, Luku imeisha!"
Lusajo akatoka chumbani analia.

Kimara Korogwe, bati jekundu, geti halijapakwa rangi.
Mbwa tulipewa na fundi aliyejenga ukuta,
ndani ya boksi la sabuni,
na maneno mawili ya ushauri: "Mpigeni mapema."

Sikuona cha kupinga.
Baba yangu, kule Tukuyu, alikuwa na mbwa asiyeingia ndani
hata mvua ikinyesha na mlango uko wazi.
Tulisema, ana adabu.
Sikuwahi kujiuliza alikuwa akitazama nini
pale kizingitini, mkia kauficha, maji yakimchuruzika puani.

Lakini Atupele ana miaka kumi na miwili na hoja zake.
Alimhoji daktari wa mifugo siku ya chanjo,
akarudi na amri: hakuna fimbo, hakuna kufoka,
dagaa.
Robo kilo, wa Mwanza, waliokauka vizuri.
Anawakata vichwa kwa mkasi wa shule,
anawahesabu kwenye kopo la maziwa kama mhasibu.
Akikaa, dagaa. Akiitwa akaja, dagaa.
Akikojoa nje, kwenye mchanga karibu na karo,
dagaa wawili na vigelegele.
"Papo hapo, baba. Ukichelewa hajui umemlipa kwa lipi."
Mimi, ambaye mwezi wangu una siku arobaini,
nikanyamaza.

Samaki mkunje angali mbichi, nikamwambia siku nyingine.
Akaniwekea mmoja kiganjani.
"Huyu ameshakauka. Haya, mkunje."
Akavunjika.

Wiki ya tatu nikarudi usiku, foleni imenimaliza,
nikakanyaga kitu cha uvuguvugu sebuleni, soksi ikalowa.
Ndala ilikuwa mkononi kabla sijafikiri.
Luku hakukimbia. Alinitazama tu, kichwa upande,
kama mtu anayesubiri kuelezwa mchezo mpya.
Aliyejikunyata alikuwa Lusajo,
kwenye kochi, daftari la hesabu kalikinga usoni,
na wala sikuwa nimemtazama yeye.

Nikaiweka ndala chini, nikaivaa.
Nikaenda kutafuta tambara.
Nilifuta pale taratibu,
muda mrefu kuliko mkojo wenyewe ulivyohitaji.

Siku hizi natembea na dagaa mfukoni.
Katibu muhtasi ofisini amefungua madirisha mara mbili bila kusema neno.
Jumapili, wakati wa sadaka, nilichomoa noti ikatoka na mkia.
Hata Bi Mwanakombo wa jirani,
ambaye mbwa hamsogelei akiwa na udhu wake,
amejifunza neno moja la kumsemesha toka upande wa pili wa ukuta:
"Kaa!"
Naye anakaa, upande wetu, anautazama ukuta,
anasubiri malipo.
Deni linakuja kwangu.

Jana saa mbili usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Feni ikamalizia mizunguko yake.
Nikasema, "Kaa," sijui kwa nini,
labda nisikie kuna mtu.
Makalio madogo yakatua sakafuni, tap.
Kisha, upande wa kochi, yakatua mengine,
na kicheko kilichobanwa kwa viganja viwili.

"Vizuri," nikasema gizani.
Sikutaja jina.
Nikapapasa mfukoni.
Walikuwa wamebaki wawili.